Mausi kwa Mikono Miwili

Nikifika Zagayu siku hizi hakuna anayenisalimia kama zamani. Watu wazima, tena wenye wajukuu, wakiniona nashuka kwenye bodaboda wananyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, mitupu kabisa, wanainama kidogo kama wananikabidhi kitu, halafu wanacheka mpaka wanashika magoti. Mimi sina la kufanya, napokea. Napokea hewa kwa mikono miwili, nasema wabeja, asante ya Kisukuma, naendelea na safari yangu. Na kwa kuwa kila mtu anausimulia mkasa ule kivyake (yupo anayesema nililia, sikulia, lilikuwa jasho), nimeona bora niusimulie mwenyewe, tena kwa mpangilio, maana mpangilio ndio kazi yangu na ndio ulioniponza.

Naitwa Minza. Kabla ya mambo haya nilikuwa napeleka habari redioni kutoka Bariadi: bei ya pamba, mvua, mnada wa ng'ombe, kiongozi aliyefika na kiongozi aliyeahirisha. Kazi ile ilinipa ugonjwa wa kuandika kila kitu pamoja na saa yake. Mtu akipiga chafya kikaoni naandika, "saa tano na dakika mbili, chafya", kwa sababu huwezi kujua, labda baadaye ikaja kuwa habari. Nilikuwa natembea na kaunta buku la kwaya tatu, daftari nene la jalada gumu, kurasa zina mstari wa pembeni niliouchora kwa rula, upande mpana wa mambo ya kazi, upande mwembamba wa mambo yangu mwenyewe. Huo upande mwembamba muuweke akilini.

Basi akaja Daktari Fortunatus kutoka Dar es Salaam. Ni daktari wa vitabu, si wa sindano (jambo hili tulilifafanua mara nyingi kwa watu waliokuja na magoti yao). Alikuwa anachunguza namna watu wanavyofumbua mafumbo ya picha kwenye kompyuta. Unaletewa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, vinane vina michoro inayofuatana kwa utaratibu fulani, cha tisa kitupu, na chini kuna majibu sita, wewe unabofya linalostahili kukaa kwenye pengo. Lakini jibu lenyewe halikuwa shida yake kubwa. Alichotaka ni njia. Kompyuta ilikuwa inarekodi kila mahali mausi (wengine huiita kipanya) ilipopita, iliposimama, iliposita, na mwisho inachora mstari mwekundu juu ya picha, kama nyayo za mtu shambani baada ya mvua.

"Mkono unaifuata akili, Minza," alikuwa ananiambia. "Nikiuona mkono ulikopita, najua akili ilikopita."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Mtu akishabofya jibu, kompyuta haikuacha kurekodi palepale, iliendelea mpaka mimi nibonyeze kitufe kirefu cha kuleta fumbo jingine, kwa kuwa Daktari alitaka kujua kama mtu aliyekwisha kujibu hurudi kwenye picha kujihakiki. Wanafunzi wake wa Dar walikuwa hawarudi. Alitaka kuona huku kwetu.

Akaniambia hivi, na maneno haya niliyaandika: "Ukinipa data safi, awamu ya pili inabaki Simiyu, tunakwenda Maswa na Meatu, na msimamizi ni wewe. Ikiwa chafu, naihamishia mkoa mwingine na tunaagana vizuri." Mimi jioni ile ile nikamwambia mama yangu kwamba nimekuwa msimamizi. Mama akaiambia kwaya yake ya kanisani. Kwaya ikaja kunipongeza. Hapo hata mtu mmoja hajabofya kitu.

Tukapewa chumba kwenye ghala la ushirika wa pamba pale Zagayu, msimu ulikuwa haujafunguliwa kwa hiyo lilikuwa tupu, lina harufu ile ya magunia ya mwaka jana. Nikapanga kila kitu. Meza, kompyuta, mausi isiyo na waya, betri ya sola chini ya meza ili mtu asijikwae. Benchi la wanaosubiri nikaliweka ukutani nyuma ya mgongo wa kompyuta, ili wasione mafumbo wakaja na majibu tayari. Nilipima kwa macho nikaridhika: kutoka pale benchini mtu aliweza kumwona anayejibu, na kuniona mimi, na kuiona mikono yetu, lakini kioo hakioni kabisa. Nilijisifu kwa benchi lile. Nakumbuka niliandika, "Benchi: safi."

Wa kwanza alikuwa Mayu Ng'walu (mayu kwa Kisukuma ni mama). Mama mtu mzima, mkulima, mfugaji, ana sauti ndogo ambayo inabidi unyamaze ili uisikie, na watu wananyamaza.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Hicho ndicho chenyewe?"

"Ndicho."

"Kinauma?"

"Hakiumi, mayu, unakisukuma tu mezani kama unafuta vumbi."

Mazoezi ya kubofya alimaliza haraka kuliko mwalimu mmoja ambaye sitamtaja. Nikafungua fumbo la kwanza. Mayu akaweka mikono mapajani. Akatazama. Nami nikatazama saa yangu (nilikuwa nimeilinganisha na ya kompyuta asubuhi, sekunde kwa sekunde, kama kawaida yangu), ikaenda, ikaenda, nikadhani amelala macho wazi. Mara mkono ukatoka, ukashika mausi, ukaenda moja kwa moja kwenye jibu la nne, ukabofya. Jibu sahihi. Halafu Mayu akaiinua ile mausi kutoka mezani, akaitegemeza kwa mkono wa kushoto, akainama kidogo, akanikabidhi.

Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo ningesema maneno matatu tu, "Weka mezani, mayu," na leo hii nisingekuwa napokea hewa barabarani. Lakini jiwekeni mahali pangu. Mtu wa umri wa bibi yangu amemaliza kutumia kitu changu, ananirudishia mkononi kwa heshima zote, kwa sababu kwetu kitu cha mtu hukiachi hapo mezani kama umekisusa, na mimi nimwambie aweke? Nikanyanyuka kidogo kwenye kiti, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema wabeja, nikabonyeza kitufe kirefu, fumbo la pili likaja, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akapokea. Akaweka mikono mapajani. Tukaendelea hivyo mafumbo yote kumi na mawili.

Na wale wa benchini, ambao nilihakikisha hawaoni mafumbo, waliona nini? Waliona mikono. Walijifunza kwa utulivu kabisa kwamba mambo ya kompyuta yanakwenda hivi: unatazama, unagusa, unamkabidhi binti. Aliyefuata akanikabidhi. Aliyemfuata naye. Watu arobaini na wanane, kila mmoja mafumbo kumi na mawili, na kila fumbo napokea, nashukuru, narudisha. Kiuno changu kilikijua kila kitabu cha adabu.

Sasa, Daktari alikuwa amenipa fomu, moja kwa kila mtu, na mwisho wa fomu kuna sanduku limeandikwa "Jambo lisilo la kawaida". Siku ya kwanza nilishika kalamu niandike suala la kukabidhiana mausi, nikajiuliza, hili si la kawaida kweli? Wote wamefanya. Jambo linalofanywa na wote, bila kumbakiza hata mmoja, si ndilo la kawaida? Nikaandika "Hakuna". Nikaandika "Hakuna" mara arobaini na nane, kwa mwandiko mzuri.

Kwenye kaunta buku langu lakini, kwa ule ugonjwa wangu, niliandika yote. Saa fumbo lilipofunguka, mikono ilikuwa wapi, saa alipobofya, saa aliponikabidhi mausi. Hiyo ya kukabidhi nikaifupisha KM, kakabidhi mausi, maana ningeiandika kwa kirefu mkono ungekatika. Na pembeni, kwenye ule upande mwembamba, niliandika ya kwangu.

Ikaja siku ya mrejesho. Daktari alikodi ukumbi pale Bariadi mjini, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, maji ya chupa, projekta ikimulika ukutani. Walikuwepo walimu, afisa mifugo, Bwana Shija ambaye ndiye mtendaji wa kata, na washiriki kumi kutoka Zagayu wakiongozwa na Mayu Ng'walu aliyevaa kitenge kipya. Mama yangu naye alikuwepo. Hakualikwa, alikuja.

Daktari akanitambulisha, "Huyu ni dada Minza, mtaalamu wetu wa mafumbo," na mimi badala ya kupunga mkono na kubaki nimekaa, nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Mafumbo haya ukishayazoea ni kama kusoma gazeti." Watu wakaguna kwa kuvutiwa. Mama akageuka kuangalia kama wote wamesikia.

Kisha Daktari akaonyesha mstari wa mwanafunzi mmoja wa Dar: unazungukazunguka kwenye picha, unafika kwenye jibu, unakoma. Halafu akaonyesha mshiriki namba moja wa Zagayu. Mausi imesimama muda mrefu. ("Hapa anahangaika na kifaa," akasema Daktari.) Kisha mstari umenyooka mpaka kwenye jibu, jibu sahihi, na baada ya hapo, jamani, ukutani pakatokea maajabu: mstari mwekundu unapaa, unazunguka, unarudi, unakatiza visanduku vyote tisa, unatoka nje, unarudi tena, kama uzi wa pamba uliochezewa na paka.

"Hiki," akasema Daktari, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto, "nimekiita kitanzi cha mashaka. Watu wa hapa wanalipata jibu, lakini hawaliamini. Wanarudi, wanahangaika, wanajiuliza. Wote arobaini na wanane. Hakuna hata mmoja aliyejiamini."

Walimu wakaandika. Afisa mifugo akatikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilikuwa bado nautazama ule uzi mwekundu.

Mayu Ng'walu akanyoosha mkono.

"Baba, huyo namba moja ni mimi?"

"Hatutaji majina, mama. Ni namba tu."

"Namba moja ni mimi. Nilifika wa kwanza."

"Sawa, mama."

"Mimi sikurudi." Ukumbi ukanyamaza ili umsikie. "Nikishachagua, nimechagua. Mimi nimekataa wakwe watatu kwa kuwatazama tu wakishuka kwenye baiskeli, na sikurudi hata kwa mmoja. Nirudi kwenye vijisanduku?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, kwa adabu. "Sasa mama, hii mistari yote ni ya nini?"

"Hiyo ni pale nilipomrudishia binti mausi yake." Akanielekeza kwa kidevu.

"Mimi pia nilimrudishia," akasema mzee mmoja nyuma.

"Wote tulimrudishia," akasema mwingine. "Tukae na kitu cha watu?"

Daktari akanigeukia polepole. "Minza?"

Akachukua lile rundo la fomu, akafunua ya kwanza, akasoma, "Jambo lisilo la kawaida: hakuna." Akafunua ya pili. "Hakuna." Ya tatu. "Hakuna." Alisoma fomu nane kwa mpigo, na kipaza sauti kilikuwa wazi. Kisha akaichukua mausi mezani, akaiinua, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, nami (mazoea mabaya) nikapokea kwa mikono miwili. Ukutani mstari mwekundu ukapaa, ukazunguka, ukakatiza visanduku vyote tisa. Uzi ule ule. Paka yule yule. Kile kitaa cha chini ya mausi kilikuwa kinasoma viganja vyetu. Ugunduzi mkubwa wa Daktari Fortunatus, uliokuwa na jina na ulioandikwa kwa herufi kubwa ukutani, ulikuwa ni viganja vyangu.

Akaketi. Akasema kwa sauti ya chini, akisahau kwamba kipaza sauti kiko kwenye shati lake, "Basi. Data yote chafu. Tumekwisha." Ukumbi mzima ukasikia, mama yangu akasikia, na mimi nikaona awamu ya pili inapanda gari inaondoka Simiyu, pamoja na usimamizi wangu na pongezi za kwaya.

Na mkoba wangu ulikuwa mapajani, na ndani ya mkoba kaunta buku, na ndani ya kaunta buku kila KM na sekunde yake. Kila moja. Ningeweza kumwambia tukate mstari kila mahali pa kukabidhiana na data ingekuwa safi kama sahani. Lakini mnajua na nini kingine kilikuwemo. Nilikaa na mkoba ule, naushika kama kuku asitoroke. Nikamtazama Mayu Ng'walu ambaye bado alikuwa amesimama, mwanamke aliyeambiwa mbele ya walimu kwamba hajiamini, kwa sababu mimi niliandika "Hakuna". Nikanyoosha mkono.

"Daktari, ninayo saa ya kila makabidhiano. Na mikono ilikuwa wapi."

Aliruka kutoka kwenye kiti. Hakutaka kesho, hakutaka baada ya chakula, alitaka palepale, angalau kwa wale kumi waliokuwepo, wageni wasiondoke na lile neno la kutojiamini. Mimi nikae kwenye kompyuta nikate mistari, mtu mwingine asome saa kutoka kwenye daftari. Nikasema nitasoma mwenyewe huku nakata. Haiwezekani, akasema, utakosea. Na hapo Bwana Shija, mtendaji, akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Nipe mimi. Nimesoma mihtasari ya vikao miaka yote."

"Soma namba na saa tu, Bwana Shija," nikamwambia, namkabidhi huku vidole vyangu havitaki kuachia. "Ya pembeni ruka."

"Muhtasari haurukwi, dada. Unasomwa kama ulivyoandikwa, ndipo unathibitishwa."

Akavaa miwani. Akaanza, kwa ile sauti ya kikao cha maendeleo ya kata.

"Mshiriki namba moja. Fumbo la kwanza. Saa tatu, dakika kumi na mbili, sekunde tano, fumbo limefunguka. Mikono mapajani. Anatazama. Saa tatu, dakika kumi na mbili, sekunde hamsini na moja, kabofya. Sekunde hamsini na nne, KM. Pembeni: Mama huyu ananitazama kama ananipima uzito mnadani."

Ukumbi ukalipuka. Mayu Ng'walu akasema kwa utulivu, "Nilikupima. Ulikuwa mwembamba." Mimi nikakata mstari bila kuinua macho.

Akaendelea mpaka namba kumi na tisa. "Mikono mapajani. Anatazama. Kabofya. KM. Pembeni: Mwenye kofia ya pama. Anaisemesha mausi kwa upole ambao sidhani kama mkewe ameshawahi kuupata."

Namba zilificha majina, hazikuficha kofia. Mzee mwenye pama alikuwa mstari wa pili, na namba ishirini, ambaye ndiye mkewe, alikuwa kiti cha pembeni yake.

"Sijaupata," mkewe akasema. "Andika hapo dada, bado."

Nilidhani yamekwisha. Bwana Shija akafunua ukurasa. "Saa tano na nusu. Pembeni: Mtendaji kapita mara ya tatu leo kukagua usalama wa zoezi. Usalama wenyewe unakaa karibu na chupa ya..." Akasita. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Nilimwona akipima: aruke au asiruke. Nitamheshimu mtu yule mpaka mwisho, maana alikohoa akasoma, "ya chai." Kisha akaongeza, "Limethibitishwa," na kelele zilizofuata zilisikika nje, mhudumu akaja kuchungulia.

Daktari alikuwa anacheka mpaka machozi, na ndiyo sababu hakuwa tayari kwa lililofuata. "Saa nane. Pembeni: Daktari kapiga simu. Nimeiweka mezani ikiwa spika wazi, nimekwenda kunawa, nimerudi, bado hajafika kwenye swali."

Na mimi nikajua kinachokuja baada ya hilo, kwa sababu mwandiko ni wangu na ukurasa naujua. Nikasema, "Bwana Shija, inatosha, tuna data ya kutosha." Akasema, "Namalizia aya." Akasoma: "Jioni. Pembeni: Nimejaribu fumbo la saba mwenyewe mara tatu. Nimekosa mara tatu. Asijue mtu."

Safari hii hawakucheka mara moja. Kwanza waligeuka wote, viti vya plastiki vikalia pamoja, wakanitazama mtaalamu wa mafumbo, yule wa gazeti. Ndipo wakacheka. Mama yangu ndiye alianza.

Lakini sasa sikilizeni, maana mkasa ungeishia hapa nisingeusimulia kwa hiari. Daktari akabonyeza, mistari yote ya wale kumi ikaja ukutani, imekatwa, safi. Na kicheko kikafa chenyewe. Hakukuwa na kitanzi. Kila mmoja: kusimama, kusimama, kusimama, kisha mstari mmoja ulionyooka kama kamba ya kupandia pamba, mpaka kwenye jibu, basi. Mmoja baada ya mwingine. Daktari akasogea ukutani mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha.

"Mikono mapajani, anatazama," akasema polepole. "Umeandika hivyo kwa wote?"

"Kwa wote."

"Kwa hiyo walikuwa hawahangaiki na kifaa."

"Hawakukishika hata kukishika, Daktari."

Akamgeukia Mayu. "Mama, kwa nini hukuisogeza wakati unatafuta?"

Mayu akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kwa nini ng'ombe ana mkia. "Ng'ombe wakiingia zizini unasimama mlangoni, baba. Ukiingia katikati yao unawachanganya, wanazunguka, wewe mwenyewe unazunguka. Unasimama. Unatazama. Asiyekuwepo anajionyesha."

Daktari akatafuta kalamu. Hakuwa nayo. Nikampa ya kwangu (kwa mikono miwili, ndiyo, chekeni). Akaandika maneno yale yote, kisha akarudi kwenye kompyuta akafuta, mbele yetu, herufi moja moja, kile kitanzi cha mashaka. Akasema, "Kompyuta inauona mkono tu. Mtu aliyetulia inamwona hayupo. Bila daftari hili ningesema uongo juu ya watu hawa." Halafu akalifungua fumbo la saba.

"Dada Minza. Karibu."

Jamani. Nilikwenda. Nikashika mausi, nikatafuta, napita kwenye sanduku hili, naruka lile, narudi, nashuka kwenye majibu, napanda, na mstari mwekundu nyuma yangu ukutani kwa ukubwa wa mlango, kila hangaiko langu limechorwa, kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake. Nikabofya. Nikakosa. Mara ya nne hiyo.

"Ondoa mkono," ikasema sauti ndogo. Mayu Ng'walu alikuwa amekuja nyuma ya kiti changu.

"Mayu, nitapata tu."

"Mkono unakupigia kelele. Weka mapajani."

Nikaweka. Watu wote wananitazama, mgongo unawaka, mikono inataka kukimbia, karibu niikalie. Nikatazama. Mwanzoni hakuna kitu, vijistari tu na vijiduara. Nikaendelea kutazama. Na kwa kweli nawaambia, kitu kikatulia, vile visanduku vikaanza kupangana vyenyewe, hiki kinapoteza mguu, kile kinapoteza mguu, na pengo likabaki peke yake likiniambia nani hayupo. Nikashika mausi, nikaenda mara moja, nikabofya.

Sahihi.

Ukumbi ule ulipiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi ya dada yangu. Mayu akanipigapiga bega, akasema, "Umenenepa sasa." Bwana Shija akatangaza kwamba na hilo nalo limethibitishwa. Mzee wa pama akavua pama. Daktari akasimama mbele ya wageni wote akasema awamu ya pili haiendi mkoa wowote, inabaki hapahapa Simiyu, Lingeka kule Meatu na Ipililo kule Maswa, msimamizi ni huyuhuyu, na fomu zitabadilishwa. Mama yangu akasimama akasema, "Nilishawaambia." Alikuwa ameshawaambia kweli.

Kwa hiyo niliapa viapo viwili. Cha kwanza, sitaandika tena "hakuna" kwa sababu tu kila mtu anafanya, na hicho nimekishika. Cha pili, pembeni ya daftari la kazi siandiki jambo ambalo sitaki lisomwe na mtu mwenye sauti nzuri.

Wiki ya kwanza ya awamu ya pili tukawa Ipililo. Nimefundishwa, nimejipanga, nimejisemesha maneno matatu njia nzima: weka mezani, baba, weka mezani, baba. Akaingia mzee wa kwanza, mrefu, ana shati la njano limefungwa mpaka kooni. Fumbo likafunguka. Mikono mapajani. Akatazama. Akaenda mara moja, akabofya, sahihi. Kisha akaiinua mausi, akaitegemeza kwa mkono wa kushoto, akainama.

Maneno matatu yalikuwepo mdomoni, yamepangwa.

Nikanyanyuka, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema wabeja, baba. Nikatazama saa, nikaandika KM na sekunde yake. Na pembeni sikuandika kitu, ingawa lile shati, wallahi, nilikuwa na neno zuri sana juu yake.